Je, Wajua? Nyumba ya Mawe Iliyosafiri Ndani ya Magunia

Mwaka 1930, mafundi walipanda juu ya paa la nyumba moja ya zamani katika kijiji cha Chedworth, kwenye vilima vya Cotswold magharibi mwa Uingereza, wakaanza kuishusha jiwe moja moja. Mawe makubwa yaliandikwa namba. Madogo yalijaza magunia zaidi ya 500. Milango, boriti na madirisha vilipakiwa kwenye makreti, vikapandishwa kwenye mabehewa ya treni hadi bandarini. Mzigo wote ulikuwa wa takriban tani 475. Ulivuka bahari ya Atlantiki mpaka Dearborn, Michigan, na huko nyumba ikasimamishwa tena. Mnunuzi alikuwa Henry Ford, tajiri wa magari, aliyetaka Wamarekani waone mababu zao walitoka katika nyumba za namna gani. Ipo mpaka leo, ndani ya makumbusho yake ya wazi yaitwayo Greenfield Village.

Nyumba hiyo haikuwa kasri. Ilijengwa miaka ya mwanzo ya 1600, ina vyumba vichache na dari za chini, na ni ya aina ile ile inayochorwa kwenye kadi za posta na makopo ya biskuti: kuta za rangi ya asali, paa lenye mteremko mkali, madirisha madogo. Watu huitazama na kusema imependeza. Imependeza kweli. Lakini aliyeijenga hakuwa akitafuta pambo. Karibu kila kitu kinachotuvutia katika nyumba hizi kilikuwa jibu la shida fulani: mvua, baridi, moshi, kodi, au ugumu wa kusafirisha mawe mbali wakati usafiri ulikuwa mkokoteni na farasi. Ukizijua shida hizo, nyumba inaanza kusomeka.

Je, wajua kwamba kuta hizo zilitoka baharini? Lichukue jiwe la Cotswold ulisogeze karibu na jicho. Utaona chembe ndogo za mviringo zimebanana kama mayai ya samaki, na wanajiolojia wakalipa jina la Kigiriki lenye maana ya jiwe la mayai. Chembe hizo ziliumbika zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, Uingereza hiyo ya mvua na ukungu ilipokuwa chini ya bahari vuguvugu yenye kina kifupi, mfano wa bahari inayozunguka visiwa vya Bahama leo. Kipande cha gamba au chembe ya mchanga ilibingirishwa na mawimbi, ikavikwa chokaa, ikabingirishwa tena, ikavikwa tena, mpaka ikawa kidonge. Vidonge vikalundikana kwa mabilioni na kugeuka mwamba.

Rangi ya asali inatokana na chuma kilichomo ndani ya jiwe. Kaskazini mwa vilima, karibu na Chipping Campden, chuma ni kingi na kuta zinawaka jua linapotua. Ukishuka kusini kuelekea mji wa Bath, rangi hufifia hadi ya malai. Kabla ya reli mtu hakuagiza mawe kutoka mbali. Alichimba shimo karibu na alipotaka kuishi, na ndiyo maana kijiji kizima kinafanana na ardhi ambayo kimesimama juu yake.

Jiwe hilo likitoka machimboni huwa bichi. Lina maji ndani yake, na kwa wakati huo ni laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno. Likikaa nje, maji yanakauka, na uso wake unakuwa mgumu. Kwa hiyo waashi walichonga fremu za madirisha jiwe likiwa bado bichi. Walishika pia kanuni nyingine: jiwe lilale ukutani kama lilivyolala ardhini. Likisimamishwa kwa upande, tabaka zake hubanduka kama kurasa za kitabu kilicholowa.

Ukuta wenyewe si tofali moja nene. Ni kuta mbili zilizosimama sambamba, katikati pamejazwa kifusi cha mawe madogo na chokaa, na kila baada ya nafasi fulani jiwe refu limelazwa kutoka upande huu hadi ule ili kuzifunga pamoja. Unene wake hufika sentimita 50 au 60. Mtu aliyeketi dirishani ana ubao wa kuweka chungu cha maua, kikombe cha chai, na mtoto.

Na hapa kwenye chokaa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndiyo siri ya nyumba kuishi miaka 400. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye tanuri kwa joto la kiasi cha nyuzi 900, hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali. Ukiimwagia maji inachemka na kuvimba. Ukiichanganya na mchanga, na wakati mwingine nywele za ng'ombe, unapata udongo wa kujengea. Ikishakuwa ukutani, inaanza kuivuta ile hewa ya ukaa kutoka angani, taratibu, miezi na miaka, mpaka inarudi kuwa jiwe la chokaa kama lilivyokuwa kabla ya moto.

Chokaa ni laini kuliko jiwe, na imekusudiwa iwe hivyo. Mvua ikiingia ukutani, unyevu hupitia kwenye maungio ya chokaa na kutoka nje. Kinachochakaa ni chokaa, ambayo fundi huikwangua na kuipaka upya, huku jiwe likibaki salama. Mwaka 1824 Joseph Aspdin wa Leeds alisajili hataza ya saruji ya Portland, na karne iliyofuata watu wengi walidhani wamepata dawa bora. Wakaziba maungio ya nyumba za kale kwa saruji. Saruji haipumui. Unyevu ukakosa pa kutokea, ukapitia kwenye jiwe lenyewe, na majira ya baridi yalipoyagandisha maji hayo, nyuso za mawe zikaanza kumeguka. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Nyumba zake za matumbawe na chokaa zimeumia vivyo hivyo kila zilipokandikwa saruji, ingawa kule adui si barafu bali ni chumvi na unyevu wa bahari.

Je, wajua kwamba zamani nyumba hizi hazikuwa na dohani? Katika nyumba ya kawaida ya Kiingereza ya miaka ya 1400, moto uliwaka katikati ya sakafu ya chumba kimoja kirefu kilicho wazi mpaka paani, na moshi ukajitafutia njia. Mpaka leo mafundi wakipanda darini hukuta kenchi nyeusi tii kwa masizi, na hapo hapo wanajua kwamba boriti hizo zilikuwepo kabla ya dohani. Padri mmoja wa Essex, William Harrison, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijiji chake walikuwa wakistaajabia mambo matatu yaliyobadilika tangu utoto wao, na la kwanza lilikuwa wingi wa dohani.

Moshi ulipopewa njia yake ndani ya ukuta, nafasi iliyokuwa ya moshi ikawa ya watu. Sasa uliweza kutandaza sakafu ya pili juu ya chumba na kulala huko bila kukohoa. Mwanahistoria W. G. Hoskins alieleza mwaka 1953 kwamba kati ya 1570 na 1640 sehemu kubwa ya Uingereza vijijini ilijijenga upya, na mabadiliko hayo ya moto na ghorofa yalikuwa kiini chake. Mimi naona hili ni kubwa kuliko vita vingi tunavyofundishwa tarehe zake. Familia ya mkulima ilipata ngazi, mlango wa kufunga, na mahali pa faragha kwa mara ya kwanza.

Serikali nayo ikaona dohani. Kuanzia 1662 kila meko ililipiwa shilingi 2 kwa mwaka, hiyo hiyo shilingi ambayo jina lake lilikuja kukaa mifukoni mwetu Afrika Mashariki. Mafukara walisamehewa, lakini wengine wengi waliichukia, hasa kwa kuwa mkaguzi aliruhusiwa kuingia ndani kuhesabu. Katika kijiji cha Churchill, Oxfordshire, inasimuliwa kwamba muoka mikate mmoja alijaribu kuikwepa kwa kutoboa ukuta na kuupitisha moshi wa tanuri lake kwenye dohani ya jirani. Mwishoni mwa Julai 1684 moto ulizuka. Nyumba 20 ziliteketea na watu wanne wakafa. Kijiji kikajengwa upya juu zaidi mlimani, safari hii kwa mawe. Kodi yenyewe ilifutwa miaka mitano baadaye, mwaka 1689.

Katika kijiji hicho hicho cha Churchill alizaliwa, mwaka 1769, mtoto wa mhunzi aliyeitwa William Smith. Utotoni aliokota mashambani mawe ya mviringo ambayo wauza siagi walikuwa wakiyatumia mizanini kama jiwe la ratili. Yalikuwa visukuku vya viumbe wa bahari ile ile ya kale. Smith hakuacha kujiuliza vilifikaje kwenye shamba lililo mbali sana na pwani. Alikua akawa mpima ardhi, akazunguka nchi nzima kwa miaka mingi, na mwaka 1815 akachapisha ramani kubwa ya kwanza ya miamba ya Uingereza, kila tabaka kwa rangi yake. Ukiitazama ramani hiyo ukiwa unazijua nyumba za vijiji, utaona kwamba kwa kiasi fulani ni ramani ya kuta pia: ukanda wa jiwe la asali unakatiza nchi kwa mshazari, na nyumba za asali zinaufuata.

Madirisha yalikuwa na kodi yake, iliyoanza 1696 na kudumu hadi 1851. Mwaka 1766 ilipoamuliwa kwamba nyumba zenye madirisha saba na kuendelea zitalipa, idadi ya nyumba zenye madirisha saba kamili ilipungua kwa karibu theluthi mbili. Watu waliziba dirisha moja kwa mawe, wakabaki na sita. Hata hivyo, usiamini kila anayekuonyesha dirisha lililozibwa na kukuambia ni kodi. Mengi yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu siku ya kwanza, ili uso wa nyumba ulingane pande zote mbili. Na udogo wa madirisha ya nyumba za kijijini haukutokana na kodi hata kidogo: kioo kilikuwa ghali, hakikutengenezwa kwa vipande vikubwa, na kila tundu ukutani lilikuwa mlango wa baridi. Tazama badala yake ukingo wa jiwe uliotokeza juu ya dirisha na kushuka kidogo pembeni. Huo ni mwavuli. Maji yanayotiririka ukutani yanaufuata, yanadondokea kando, na hayagusi kioo wala fremu.

Je, wajua kilichofichwa ndani ya dohani? Viatu. Mafundi wanaokarabati nyumba za kale wamekuta viatu vikuukuu vimetiwa kwenye vijishimo vya dohani, juu ya milango, chini ya sakafu. Makumbusho ya Northampton, mji ulioishi kwa ushonaji wa viatu, yana daftari la ugunduzi wa namna hiyo lenye taarifa zipatazo 2,000. Mara nyingi ni kiatu kimoja tu, kilichovaliwa mpaka kikapinda kwa umbo la mguu wa mwenyewe, na vingi ni vya watoto. Karibu hakuna aliyeacha maandishi kueleza kwa nini, na wasomi wengi wanaamini kilikuwa kago: dohani ni tundu lisilofungwa usiku, na kitu kilichobeba umbo la mwanadamu kiliwekwa pale kumzuia au kumnasa yeyote mbaya atakayeshukia humo. Kwenye boriti ya jikoni hukutwa pia alama za kuchomwa kwa mshumaa na maua ya duara yaliyochorwa kwa bikari. Watu waliokuwa wakilala katika nyumba hizi waliogopa, na waliandika hofu yao kwenye mbao.

Walikuwa nani? Si wenye ardhi. Sheria ya mwaka 1589, ya enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilikataza kujenga nyumba ndogo mpya bila kuipatia ekari nne za ardhi, ikitoza faini ya pauni 10 kwa mjenzi. Iliondolewa 1775. Ilikusudiwa kuwazuia maskini wasio na shamba wasisambae, ingawa wengi walijenga hata hivyo.

Safu ya nyumba inayopigwa picha kuliko zote huko Cotswold, Arlington Row ya kijiji cha Bibury, haikuanza hata kama makazi. Ilijengwa karibu na 1380 kuwa ghala la sufu, wakati kondoo wa vilima hivyo walikuwa utajiri wa nchi. Katika karne ya 17 ghala lilikatwa kuwa nyumba za wafumaji. Kitambaa kilichotoka mikononi mwao kilipelekwa kwenye kinu cha maji ng'ambo, kikafuliwa na kupondwapondwa, kisha kikatandazwa kwenye fremu za mbao katika kisiwa kidogo chenye majimaji kilicho mbele ya nyumba. Leo wageni wanasimama hapo hapo kupiga picha. Mshairi na msanii William Morris alikisifu Bibury kuwa kijiji kizuri kuliko vyote Uingereza, na mwaka 1877 akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale kilichosisitiza jambo moja: karabati, usilifanye la kale lionekane jipya.

Nimeliacha paa mwisho kwa sababu ndilo ninalolipenda zaidi. Ukilitazama kwa mbali linafanana na vigae, lakini ni mawe matupu, vibao bapa vya jiwe la chokaa. Ni paa zito mno: kila mita 10 za mraba hubeba karibu tani moja. Limesimama kwa mteremko mkali, mara nyingi zaidi ya nyuzi 50, kwa kuwa vibao hivyo havilingani na jiwe linanyonya maji. Mvua isipewe nafasi ya kupumzika. Kila kibao kina tundu moja juu, na tundu hilo limepigiliwa kigingi cha mti wa mwaloni kinachoning'inia kwenye pao. Hakuna msumari.

Hesabu vibao kuanzia upenuni. Vya chini ni vikubwa kama meza ndogo, na kila mstari unaopanda ni mfupi kuliko ulio chini yake, mpaka karibu na mgongo wa paa vinakuwa vya kiganja. Jicho linadanganyika na kuona paa refu linalokwenda mbinguni. Lakini sababu ni ya mfukoni: machimbo hutoa vibao vya ukubwa wote, hakuna kutupa, na vizito vikae penye ukuta wa kuvibeba. Kila kipimo kilikuwa na jina lake, na waezekaji walirithishana majina hayo kwa mdomo. Kulikuwa na makapera warefu na makapera wafupi. Fundi alikuwa na kijiti chenye alama za vipimo hivyo, akavipanga vibao chini kwa majina kabla hajapanda. Na pale miteremko miwili inapokutana, badala ya mfereji wa risasi, fundi bingwa aliupinda mpangilio wa mawe wenyewe, ukazunguka kona taratibu kama kitambaa. Ni kazi inayohitaji mikono ya miaka mingi.

Je, wajua nani alivipasua vibao hivyo? Baridi. Katika kijiji cha Stonesfield, Oxfordshire, wachimbaji walishuka chini ya ardhi wakati wa vuli, wakatoa magogo ya jiwe, wakayalaza mashambani na kuyalinda yasikauke. Kisha kijiji kilisubiri. Ilipotokea usiku wa kuganda, kengele ya kanisa ililia hata kama ni saa nane za usiku, na watu wakatoka vitandani kwenda kuyafunua mawe na kuyamwagia maji. Maji yakaingia kwenye mishipa myembamba ya jiwe, yakaganda, yakavimba, yakalifungua. Majira ya baridi yenye joto yalimaanisha mwaka wa njaa.

Humo humo, ndani ya migodi ya vibao vya paa, wachimbaji walikuta mifupa mikubwa wasiyoijua. Ilifika mikononi mwa mwanazuoni wa Oxford, William Buckland, naye mwaka 1824, mwaka ule ule wa hataza ya saruji, akaieleza dunia: mjusi mkubwa ajabu aliyemwita Megalosaurus. Ndiye dinosau wa kwanza kupewa jina la kisayansi. Taya lake lenye meno yaliyopinda kama jambia liko kwenye makumbusho ya Oxford, na miamba iliyolihifadhi iko juu ya vichwa vya watu katika vijiji vya jirani, imeezekwa.

Migodi ya Stonesfield ilifungwa mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa kaskazini-mashariki, katika kijiji cha Collyweston, vibao vya namna hiyo vinachimbwa tena, kwa kuwa majengo ya kale yanayolindwa na sheria kwa kawaida hayaruhusiwi kuezekwa kwa kitu kingine. Tatizo ni kwamba majira ya baridi hayaaminiki tena. Kwa hiyo magogo ya jiwe huloweshwa maji na kuingizwa kwenye chumba cha friji, yagande, yatolewe yayeyuke, yarudishwe yagande tena, mpaka fundi apite na kinyundo chake, agonge kidogo ukingoni, na jiwe lifunguke.